Msitu wa Martin

Adhiambo mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Rusinga kumuaga nyanya yako, na mimi nimewaambia vijana wa yadi waende nyumbani. Mashine nimeizima. Nimekaa juu ya rundo la mbao za saiprasi, karatasi nimeiweka juu ya kipande cha plaiwudi, na naandika kwa haraka kwa sababu nikikuona unaingia getini nitaacha. Nakujua, na mimi najijua. Tukiwa ana kwa ana nitafanya mzaha, au nitakuuliza kama umekula, na kesho utapanda ndege kwenda Uingereza bila kusikia neno lolote la maana kutoka kwangu.

Mambo ya pasipoti, sweta na kubadilisha ndege, shangazi yako Atieno ameyashughulikia. Hayo siyagusi. Mimi nina jambo langu, na linaniaibisha mtu mzima kama mimi. Nina wivu. Nimekuwa nao kwa miaka, na tangu Jumamosi umezidi.

Jumamosi, kwenye maombi ya kukuaga, ulisimama chini ya hema umevaa kitenge alichokushonea nyanya yako wa Ntimaru. Pasta akakuomba ueleze kwa nini, kati ya masomo yote ya duniani, umechagua kusomea misitu. Hukusita. Ukasema, "Nilianza kupenda miti nikiwa na miaka kumi. Martin alinipeleka kwa msitu wao mdogo kule Uingereza, akanionyesha kwamba mti usio na majani si lazima uwe umekufa." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya hema, kreti ya soda mikononi. Mzee Abdalla, jirani yetu wa duka la misumari, akaniinamia akauliza, "Huyo Martin ni nani?"

"Mume wa mama yake."

"Aa. Lakini mwenye mbao si wewe?"

Hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa kuuliza tu. Niliweka ile kreti chini nikaenda kukaa kwenye lori mpaka wageni walipoanza kuondoka.

Mwenye mbao ni mimi, Adhiambo. Ulinusa maranda kabla hujajua harufu ya chai. Kitanda chako cha kwanza nilikitengeneza mwenyewe, nikakipiga msasa mpaka vidole vikatoka damu ili usije ukachomwa na kibanzi. Na siku unapoulizwa mapenzi yako ya miti yalianzia wapi, unataja kijiji cha Waingereza na mtu anayeendesha basi la watoto wa shule.

Jumapili ulinifuata hapa yadi. Ukasimama mlangoni ukasema, "Baba, umenikasirikia?" Nikawasha mashine. Ulisubiri kidogo, vumbi la mbao likakuingia machoni, ukaenda zako. Tangu hapo tumekuwa tukipitana nyumbani kama wapangaji.

Sijivunii hilo. Nataka ujue limetoka wapi.

Mama yako alipopata kazi ya unesi Uingereza, wewe ulikuwa hujaanza darasa la kwanza. Mpango wetu ulikuwa atangulie, apate nyumba, kisha sisi wawili tumfuate. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, maana yeye ni Mkuria na mimi ni Mjaluo na hakuna aliyekubali kushindwa. Ndiyo sababu hata barua hii nakuandikia kwa lugha tuliyokulea nayo. Alipopata nyumba alipiga simu, furaha imemjaa mpaka anacheka peke yake. "Baba Adhiambo, njooni sasa. Nimeulizia, hata kazi za mbao ziko." Nikamwambia yadi haiwezi kuachwa. Akapiga tena baada ya Krismasi, nikamwambia nyanya yako anaumwa mguu. Nyanya yako alikuwa akicheza densi kanisani wiki hiyo hiyo.

Kilichokuwa kikinisumbua ni watu wa Migori. Nilisikia tayari wanavyosema: yule ameletwa na mke, kama sanduku. Halafu nikaanza kuwaonea wivu hata wagonjwa wake, kwa vile alivyowataja kwa majina na kuwahurumia. Nikawa namuuliza kila jioni alikuwa wapi, na nani, mbona simu iliita sana. Mwishowe akawa hanisimulii chochote. Na mimi nikasema moyoni, unaona, anaficha. Tuliachana hivyo, kidogo kidogo, kwa simu. Ndugu zake walikuja kutoka Ntimaru, tukakaa, tukaongea kwa heshima, hakuna aliyemtukana mwenzake. Baadaye akaolewa na Martin.

Ukiwa mdogo ulikuwa ukiniuliza ni nani kati yetu aliyemwacha mwenzake. Nilikuwa nikikujibu kwamba ni mambo ya umbali. Umbali haukuwa na kosa. Nilipewa njia ya kuuondoa, mara mbili, nikakataa.

Ulipofika miaka kumi mama yako akaomba uende kumtembelea wakati wa likizo ya Novemba. Nikasema mtoto hasafiri peke yake. Nilitegemea jambo liishie hapo. Akatuma tiketi mbili.

Kwa miezi kabla ya safari hiyo nilikuwa nikisikia habari za msitu. Kila mama yako alipopiga simu alikuonyesha kwenye video: majani mabichi mpaka juu, na chini maua ya buluu yametandazwa kama shuka. Ulikuwa ukikimbia na simu mpaka jikoni. "Baba, ona msitu wa Martin!" Niliutazama kwa nusu jicho. Haukuwa hata wake. Ulikuwa wa kijiji, na yeye na majirani wachache waliuangalia siku za Jumamosi. Lakini wewe uliuita msitu wa Martin, na jina hilo likaniingia kama kibanzi chini ya ukucha.

Alitupokea yeye uwanja wa ndege, pamoja na mama yako. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau, na hakunipa nafasi. Ni mrefu, ana kipara, sauti yake ni ya chini, mikono yake ni mikubwa kuliko yangu. Alibeba masanduku yetu yote mawili na kuniita bwana. Kesho yake mchana akasema twende msituni kabla mvua haijanyesha. Nikavaa suti. Mama yako alinitazama nikishuka ngazi, kisha akaviangalia viatu vyangu.

Tulivuka malisho ya kondoo, tukapita kijigeti cha mbao, na huo hapo msitu. Adhiambo, miti yote ilikuwa uchi. Matawi meusi matupu chini ya mbingu ya kijivu, kama shamba lililopitiwa na moto. Majani yote yalikuwa chini, yamelowa, rangi ya chai ya rangi. Nami nikafurahi. Nilifurahi vile mtu anavyofurahi timu anayoichukia ikifungwa. Miezi yote ile ya video, na kumbe ni kuni tu zilizosimama! Nikasema kwa sauti, "Bwana Martin, pole. Msitu wako umekufa."

Akacheka, si kwa dharau. "Umelala tu," akasema. "Baridi ikija, miti huangusha majani ili ijihifadhi mpaka joto lirudi."

Halafu akakuinamishia tawi. Akalikwaruza kwa ukucha, na chini ya gome pakatokea rangi ya kijani, mbichi kabisa. Ulipiga kelele kana kwamba umeonyeshwa mtoto mchanga. Akakuonyesha na machipukizi, madogo meusi, akakuambia majani ya mwaka ujao yamekunjwa humo ndani tayari, yanasubiri. Ukawa unapita mti kwa mti ukikwaruza na kushangilia, mpaka mama yako akakuita, "Robi! Utaimaliza!" Hilo ni jina alilokupa yeye, la mama yake. Nyumbani hukuwa ukiliitikia vizuri. Kule uligeuka mara moja.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi nilijua. Kukwaruza gome kuona kama mti uko hai, nimefanya hivyo tangu nikiwa kijana. Ndivyo ninavyoikagua miti kwa wakulima kabla sijainunua. Ningeweza kukuonyesha kwenye mti wowote wa Migori. Ila kila ulipokanyaga hapa yadi nilikuambia, "Toka hapo, utakatwa." Niliogopa mashine, ndiyo. Pia nilikuwa na haraka, kila siku nilikuwa na haraka. Basi mtu mwingine, katika muda wa kumenya chungwa, akakupa kitu ambacho mimi nilikuwa nacho mfukoni miaka yote.

Tukaendelea. Katikati ya msitu palikuwa na mwaloni mkubwa ulioangushwa na dhoruba. Mialoni nilikuwa nikiisoma kwenye Biblia tu, sikuwahi kuigusa. Nikaupima kwa mikono, nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikaanza kuona meza, milango, vitanda vya ukoo mzima. Nikamuuliza Martin utapasuliwa lini. Akasema hautapasuliwa. Unaachwa hapo uoze.

"Uoze?"

"Wadudu wanaishi humo. Na uyoga. Ukioza unakuwa chakula cha miti midogo."

Nikamwambia kwetu mti kama huo ungesomesha watoto, na kuuachia mchwa ni dhambi. Niliongea kwa ukali kuliko jambo lenyewe. Martin akasema ananielewa, na labda kwao wana bahati ya kuweza kuuacha. Alinipa njia ya kutoka, kwa upole kabisa. Ningeishika, yangeisha. Lakini wewe ukadakia. Ulikuwa umepanda juu ya gogo, gambuti za kuazima zimekufika magotini, ukasema, "Lakini baba, wadudu nao wana kwao."

Wakacheka wote wawili, mama yako na Martin, kwa fahari, kama wazazi wanavyocheka mtoto wao akisema jambo la akili. Mimi nikabaki kama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

Halafu ukaruka kutoka kwenye lile gogo, ukatua kwenye tope, mguu ukazama. Ukanyoosha mikono usaidiwe. Mimi nilikuwa kushoto, Martin kulia, sote tukakimbilia. Uliushika mkono wa Martin. Alikuwa karibu zaidi, sasa naweza kusema hivyo. Alikuwa karibu zaidi na alikuwa na viatu vya kuingilia topeni, na mimi nilikuwa na suti. Wakati ule niliona kitu kimoja tu, kwamba umechagua.

Nikasema, "Endeleeni, nitarudi mwenyewe." Nikageuka nikaenda.

Msitu ule ni mdogo, unajua. Unaweza kuuvuka kabla sufuria ya chai haijachemka. Nikapotea. Majani yalikuwa yamefunika vijia vyote, na miti isiyo na majani inafanana kama watoto wenye sare moja. Nilitembea, nikarudi nilikotoka, nikajikuta penye kijito ambacho sikukikumbuka. Viatu vyangu vya ngozi vikajaa maji. Mvua ikaanza, ile nyembamba isiyo na kelele. Na huko mwezi wa kumi na moja saa kumi jioni jua limezama. Nikakaa chini ya mti nikitetemeka, nikimlaani Martin, nikimlaani mama yako, nikiilaani hata Uingereza nzima ambayo haikunifanyia lolote ila kunipa baridi.

Ndipo nikasikia mkiniita. Kwanza Martin, sauti yake nzito. Sikuitikia, kwa kiburi. Kisha mama yako: "Baba Adhiambo! Baba Adhiambo!" Miaka ilikuwa imepita tangu aniite hivyo. Kisha wewe.

"Baba! Baba!"

Hamkuwa mbali. Niliona mwanga wa tochi ukipita kati ya matawi. Ningesema neno moja tu. Nikanyamaza.

Sikiliza vizuri mwanangu, hapa ndipo ninapotaka unielewe. Sikunyamaza kwa hasira. Ilikuwa tamu. Mchana wote ulikuwa umeita Martin, ona, Martin, hii ni nini, na sasa ulikuwa ukiniita mimi, mimi peke yangu, kwa nguvu zako zote. Nilitaka uendelee. Nilijibana nyuma ya ule mti nikalisikiliza jina langu na mapenzi yako kama mtu anayekunywa maji. Uliita ukienda kushoto, ukaita ukirudi. Halafu sauti ikakatika katikati ya neno, ukaanza kulia. Si kulia kwa mtoto aliyenyimwa kitu. Ulilia kama mtu aliyefiwa.

Nikatoka mbio, nikijikwaa, nikipiga kelele, "Niko hapa! Niko hapa!" Ukanikumbatia kiunoni, matope yako yote kwenye suti yangu, ukawa unasema, "Nilidhani umekufa, nilidhani umekufa." Martin alivua koti lake akanipa. Nikalikataa. Nilirudi nyumbani kwao nikigonganisha meno, na koti lile akalibeba mkononi njia nzima, hakulivaa tena, sijui kwa nini. Labda aliona aibu kuwa na joto mimi nikiwa na baridi.

Ulipokwisha kulala, mama yako aliniwekea uji mezani. Martin alikuwa ametoka kuwafungia kuku. Mama yako alikuwa akisuuza vikombe, amenipa mgongo.

"Hukupotea," akasema.

"Nilipotea."

"Mwanzoni, sawa. Lakini tulipita karibu na wewe mara mbili. Mimi nakujua. Ulitusikia."

Akafunga maji, akageuka, mikono inadondosha matone. Nilitegemea kelele. Alisema polepole, kwa Kiswahili chetu cha zamani, "Mimi pia nilikuwa nikikutafuta hivyo, kila siku, kwa simu. Nilichoka. Huyu ni mtoto, hatachoka haraka. Lakini atachoka."

Kisha akaniuliza kama sukari ya uji inatosha.

Siku zilizobaki ulikwenda msituni na Martin kila asubuhi, nami nikakaa dirishani jikoni nikiwaangalia mkivuka malisho. Yeye alipunguza hatua zake ili mlingane. Nilikuwa nikitafuta kosa, niseme mbele ya mama yako, unaona. Hakulifanya. Ni jambo gumu sana kumwonea wivu mtu mwema. Mtu mbaya angekupa pa kupumzikia.

Tuliporudi Migori nilifanya jambo ambalo pengine hukuliona. Ulikuwa ukianza kusimulia, "Martin alisema," nami nakumbuka kazi ya haraka. Nanyanyuka. Naulizia funguo. Sikukukataza hata siku moja, nilikuondokea tu. Na wewe ulijifunza. Miaka hii yote, kabla hujamtaja Martin au mama yako, huwa unaniangalia usoni kwanza, unapima. Nimekuona ukipunguza sauti kwenye simu nikiingia sebuleni. Nimekuona ukicheka, kisha unakatisha kicheko. Mtoto wangu mwenyewe amekuwa akitembea ndani ya nyumba yangu kwa kunyata. Jumamosi pale hemani ndiyo mara ya kwanza ulisema jina lile kwa sauti kamili bila kuniangalia. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikaenda kukaa kwenye lori, na Jumapili nikawasha mashine.

Nilipoamka leo nikakuta umeshatoka, chai yangu umeifunika kwa sahani, nikasikia yale maneno ya jikoni: atachoka.

Basi kuanzia kesho usinipime tena. Ukifika huko, ukapenda watu, wapende waziwazi. Ukitembea na Martin msituni majani yakiwa yameota, yale niliyoyaona kwenye simu tu, nipigie unionyeshe, na ukiona uso wangu umekunjamana, endelea kuonyesha. Uso wangu ni kazi yangu mimi.

Na kuna jingine ninaloliogopa, kwamba huenda wivu huu umeurithi. Nakumbuka ulivyoacha kuzungumza na Mercy muhula mzima, mkiwa kidato cha pili, kwa sababu alipata rafiki mwingine bwenini. Nilikutazama nikajiona. Sina dawa yake, ningekuwa nayo ningeimeza zamani. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wivu unapokuja huja na majina mazuri. Mimi niliuita heshima ya mwanaume. Nikauita uchungu wa mzazi. Mbele ya ule mwaloni niliuita hata huruma kwa watoto wa maskini. Kama ningeuita kwa jina lake, pengine ningecheka, nikamwambia Martin, "Bwana, nakuonea wivu," na yeye nahisi angenijibu kwamba naye ananionea. Kwa maana niliwaza Jumamosi, nikiwa kwenye lori: yule mtu hana mtoto. Likizo ile ilipokwisha ulipanda ndege ukarudi kwangu. Sijui alisimama kwenye dirisha gani.

Leo asubuhi nimempigia simu. Ndiyo, mimi. Namba nimeitoa kwa shangazi yako, ambaye ameniuliza mara tatu kama niko mzima. Martin ameshtuka kusikia ni mimi, akadhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, mtoto anasafiri kesho kama ilivyopangwa, kuna mambo tu juu yako nataka yeye ayajue, kwa sababu atakuwa karibu nawe kuliko mimi. Akasema, "Ngoja nichukue kalamu."

Nikamwambia ukiugua husemi. Nikamwambia ukinyamaza ghafla na kuanza kufagia nyumba ambayo tayari ni safi, hapo kuna homa au kuna mtu amekuumiza, na asikuulize papo hapo, akae karibu akifanya kazi yake mpaka uongee mwenyewe. Nikamwambia baridi hukutoa damu puani, na usilazwe chali. Kwamba unapenda ugali uwe mgumu na utakula laini bila kulalamika, kwa hiyo mama yako asidanganyike. Kwamba ukisema "niko sawa" mara moja, uko sawa. Ukisema mara mbili, hauko sawa. Alikuwa akiandika, nilisikia kalamu, na mara kwa mara aliniomba nirudie. Nilikuwa nikiongea huku mkono umeshika ubao, nimeubana kama mtu anayeng'olewa jino. Kila neno nililompa niliona ninapungua.

Mwisho akasema, "Asante. Haya singeyajua." Kisha akasema, "Sitamchukua kwako."

"Najua," nikamwambia. Sijui kama najua. Lakini nilisema.

Shangazi yako alikuwa akupeleke Kisumu kesho. Nimemwambia apumzike, nitaendesha mimi. Barua hii isome ukiwa angani, si ndani ya gari, maana nitakuwa nikiangalia barabara na sitaki kuangalia uso wako. Tutazungumza mambo mengine njiani. Au tutanyamaza, lakini kunyamaza kuzuri.

Kabla sijakata simu Martin aliniuliza kama kuna jingine lolote anapaswa kujua juu yako. Nikamwambia hakuna, ni hayo tu. Yako mengine, Adhiambo, yako mengi. Nimeyaacha kwangu. Mama yako atakuwa nawe, Martin atakuwa nawe, msitu wote utakuwa wako. Hayo machache niachie mimi.

Baba yako